Gharama ya Vyuo Vikuu, na Mkono Unaoilipa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, hapa Kabanga na katika vijiji vyote vya Ngara na Biharamulo huulizwa swali moja: "Mtoto amefaulu, sasa fedha itatoka wapi?" Swali hili ni la haki. Lakini liko swali jingine lililo kubwa kuliko hilo, nalo haliulizwi sana: chuo kikuu chenyewe hulishwa na nani? Ni nani amlipaye mwalimu wake, anunuaye vitabu vyake, na kumpa mtaalamu nafasi ya kukaa miaka mitano akichunguza ugonjwa mmoja wa migomba?

Watu wengi hudhani ya kuwa chuo kikuu ni kitu cha serikali kilicho mbali, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu, na kwamba mkulima hana sehemu ndani yake. Twataka kuonyesha kwa historia ya nchi zetu ya kuwa mkulima amekuwamo tangu mwanzo, na jembe lake limelipa zaidi kuliko ajuavyo. Tena twataka kuonyesha jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha maneno yetu: mkono unaolipa ndio unaochagua. Njia ya kulipa ikibadilika, hubadilika na watoto waingiao, na hubadilika na mambo yachunguzwayo.

Kwanza tuzitenge kazi mbili za chuo kikuu. Kazi ya kwanza ni kufundisha. Kazi ya pili ni utafiti, yaani kutafuta elimu ambayo bado haijapatikana kwa mtu yeyote. Kazi ya kwanza ina mwenyewe aonekanaye: mwanafunzi yuko mbele yetu, na mzazi wake yuko tayari kuuza ng'ombe ili asome. Kazi ya pili haina mwenyewe wa namna hiyo. Utafiti ni kama shamba jipya la kahawa: wapanda leo, wapalilia miaka mitatu au minne bila kuvuna kitu, na huenda mavuno yakaliwa na mtu usiyemjua. Kwa sababu hiyo ni rahisi kupata wa kulipia kufundisha, na ni vigumu kupata wa kulipia utafiti. Tofauti hii tuikumbuke, kwa maana itarudi.

Katika ulimwengu wa zamani zilikuwako njia tatu. Huko Bologna katika Italia, kwenye chuo ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088, wanafunzi wenyewe walichanga fedha na kuwaajiri walimu. Na mwalimu aliyechelewa darasani alitozwa faini na wanafunzi wake. Njia ya pili ilikuwa wakfu. Msikiti wa al-Azhar wa Cairo, uliojengwa katika karne ya kumi, uliwalisha walimu na wanafunzi wake kwa mapato ya mashamba na nyumba zilizowekwa wakfu. Na vyuo vya Oxford huko Uingereza navyo viliishi karne nyingi kwa kodi ya mashamba waliyopewa na matajiri na watu wa kanisa. Njia ya tatu ilikuwa ya serikali. Mwaka 1810 mfalme wa Prussia alifungua chuo kikuu cha Berlin, na humo kufundisha na utafiti viliunganishwa viwe kazi ya mwalimu mmoja, naye akalipwa na dola. Mfano wa Berlin ulienea duniani. Basi mwanafunzi, wakfu, na serikali: ndizo njia tatu, na mambo yote yaliyotokea kwetu baadaye ni mchanganyiko wa hizo.

Katika Afrika ya Mashariki habari huanza kwenye kilima cha Makerere, Kampala. Mwaka 1922 ilifunguliwa huko shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na kazi za mitambo. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilishauri kwamba Makerere ikuzwe iwe chuo cha juu kwa nchi zote za jirani. Hapo likazuka swali la fedha. Shauri lililokubaliwa lilifanana na wakfu wa zamani: serikali za Uganda, Tanganyika na Kenya, pamoja na serikali ya Uingereza, zitoe mtaji, mtaji uwekwe, na faida yake isaidie kukiendesha chuo. Uganda ilitoa fungu kubwa kuliko wenzake.

Lakini serikali ya Uganda wakati ule ilipata wapi fedha? Ilipata kwa pamba na kahawa na kodi ya kichwa. Mtu wa Buganda au Busoga aliyebeba mzigo wa pamba mpaka kinuni, naye hajui kusoma, alikuwa mmoja wa waliokijenga chuo kile. Ni vivyo hivyo kwa mtu wa Tanganyika aliyelipa kodi yake bomani. Walilipa wengi wasiohesabika, wakasoma wachache wanaohesabika kwa vidole. Mmoja wa wachache hao alikuwa kijana wa Butiama, Julius Nyerere, aliyeingia Makerere mwaka 1943. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, na majengo yake mengi yakajengwa kwa fedha ya maendeleo iliyotolewa na Uingereza.

Kabla ya uhuru ilikuwako na njia nyingine, ambayo sisi watu wa mkoa huu hatupaswi kuisahau, nayo ni ushirika. Wakulima wa kahawa wa Bukoba na wa Kilimanjaro waliunda vyama vya kuuza mazao yao, na kutoka katika senti zilizobaki kwa kila ratili vyama hivyo viliwasaidia vijana kwenda kusoma hata ng'ambo. Wakulima wa Bugufi nao walikuwa na chama chao cha kahawa tangu zamani za Waingereza. Hapo mlipaji na mlipiwa walijuana. Mzee aliyeuza buni aliweza kusema, "Yule daktari ni wetu," na daktari hakuweza kumkana. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema; na kibaba hicho kilijazwa na watu waliokuwa na haba tu.

Tanganyika ikajipatia chuo chake mwaka wa uhuru wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1961, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria ambao hawakufika 20. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 umoja huo ukavunjwa, kila nchi ikachukua chake. Mwaka 1964 chuo cha Dar es Salaam kilihamia Mlimani, kwenye majengo mapya yaliyojengwa kwa fedha ya nchi na kwa misaada ya nje.

Katika mwaka huo wa 1964, Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao mpaka leo hatujaona wa kuushinda. Alimfananisha mwanafunzi wa chuo kikuu na mtu wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wamekusanya chakula chote kilichobaki wakampa yeye mmoja, ili apate nguvu za kwenda nchi ya mbali na kurudi na chakula kwa wote. Akikila asirudi, basi amekuwa msaliti. Mfano huu wafahamika upesi katika vijiji vyetu, ambako mwaka wa ukame hausahauliki. Nao ulikuwa mfano wa kweli kwa hesabu pia, kwa kuwa wakati ule serikali ililipa kila kitu: ada, chakula, malazi, vitabu, nauli, na fedha kidogo za mfukoni. Nayo serikali ilitegemea mkonge, pamba na kahawa.

Baada ya miaka miwili tu mfano ule ulijaribiwa. Serikali ilitunga sheria kwamba wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa, na ya kuwa kwa sehemu kubwa ya miaka miwili watapokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu. Bango lao moja lilisema kwamba hata ukoloni ulikuwa afadhali. Rais alikasirika. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao, vijijini kwa waliowalipia. Lakini kabla ya hapo Rais alikuwa amesikia neno moja katika malalamiko yao: kwamba wakubwa nao walipwa mishahara mikubwa. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata wengi wa wanafunzi wale walipokelewa tena. Twaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na neno. Vijana walisahau aliyewalisha. Lakini nao walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini deni la kijiji lidaiwe kwao tu, na lisidaiwe kwa wote waliokwisha kula.

Njia ya serikali peke yake ilidumu kwa muda wa kizazi kimoja. Uzuri wake ulikuwa huu: mtoto wa mchungaji ng'ombe wa Ngara aliyefaulu alikaa benchi moja na mtoto wa waziri, na hakuna aliyemwuliza baba yake ana nini. Ubaya wake ulikuwa kwamba nafasi zilikuwa chache mno, na kwamba serikali ikipatwa na kikohozi, chuo hulala kitandani. Nayo serikali ilipatwa. Bei ya mafuta ilipanda katika miaka ya 1970. Majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera mwaka 1978, na vita ile ikala mali nyingi. Na mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaanguka. Wazee wetu wayakumbuka magunia yaliyokaa ghalani. Lakini gunia lililokosa bei Kagera lilikuwa pia kitabu kilichokosekana Dar es Salaam. Katika vyuo vya nchi zetu zote tatu maktaba ziliacha kupokea vitabu vipya, vyombo vya maabara viliharibika bila kutengenezwa, na walimu wakaanza kulima bustani au kwenda nchi nyingine kutafuta mshahara.

Wakati huohuo Benki ya Dunia ilizishauri serikali za Afrika zipunguze fungu la vyuo vikuu, kwa hoja ya kwamba shilingi moja katika shule ya msingi huleta faida zaidi kwa taifa. Sisi tufundishao watoto wadogo hatuwezi kuidharau hoja hiyo; lakini twauliza, ni nani atakayemfundisha mwalimu wa shule ya msingi, ikiwa hakuna aliyemfundisha mkufunzi wake? Hata hivyo fedha haikuwako. Tanzania ilitangaza mwaka 1988 shauri la kuchangia gharama, na kuanzia mwaka 1992 wanafunzi wakaanza kubeba sehemu ya mzigo hatua kwa hatua.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Huko Makerere, ambako kufuta posho za wanafunzi kulileta ghasia na vifo vya wanafunzi mwaka 1990, chuo kilifungua mlango kuanzia mwaka 1992 kwa watu wenye kujilipia. Masomo ya jioni yakaanzishwa. Kabla ya miaka kumi kupita, wenye kulipa walikuwa wengi kuliko waliolipiwa na serikali. Njia ya Bologna ilikuwa imerudi. Walimu walipata nyongeza, madirisha yalipakwa rangi, na maelfu ya watu ambao wasingepata nafasi walisoma. Lakini mtaalamu wa Makerere, Mahmood Mamdani, aliandika kitabu kizima mwaka 2007 kuonyesha hasara iliyojificha: idara zilianza kutunga masomo ya kuvutia wanunuzi, zikanyang'anyana wanafunzi kama wachuuzi sokoni, na utafiti ukawekwa kando. Nasi tulisema mwanzo ya kuwa utafiti hauna mnunuzi aonekanaye. Kenya nayo ilifuata njia ya wenye kujilipia mwaka 1998, na tangu mwaka 2023 imejaribu mpango mwingine wa kumpima kila mwanafunzi kwa umaskini wa nyumba yake. Mpango huo umeleta mabishano makubwa mpaka mahakamani.

Tanzania ilichagua mkopo. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Sheria ile ina wazo zuri ndani yake: mwanafunzi apewe sasa, alipe atakapokuwa na mshahara, na alicholipa kimsomeshe mwingine. Katika mwaka wa masomo 2024/25 serikali ilitenga shilingi bilioni 787 kwa mikopo. Mwanzoni mwenye kuajiriwa alikatwa asilimia 8 ya mshahara wake. Sheria ikabadilishwa mwaka 2016, makato yakawa asilimia 15. Yaani mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa shilingi 120,000 kila mwezi. Juu ya hayo deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, hata watu wakawa wanalipa na deni halipungui. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo, na wengi wakashukuru.

Tukiupima mkopo kwa mfano wa Mwalimu Nyerere, twaona kitu kimebadilika. Zamani deni la msomi lilikuwa kwa kijiji, na hakuna aliyelihesabu kwa shilingi. Sasa deni lina namba, tarehe na daftari, na likiisha kulipwa msomi aweza kusema, "Sidaiwi na mtu." Je, ni kweli hadaiwi? Mkopo hulipa ada, chakula na vitabu vyake. Haulipi jengo alilokaa ndani yake, wala haulipi mishahara yote ya walimu wake. Hayo bado hutoka katika kodi, na kodi hutoka kwa kila anunuaye sabuni na mafuta ya taa hapa Kabanga. Hata mikopo ya nje irudishwayo na serikali hutoka hapo hapo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia, ileile iliyokuwa imeshauri mafungu ya vyuo yapunguzwe, iliidhinisha dola milioni 425 kwa ajili ya kuviimarisha vyuo vya Tanzania. Na ndani ya mpango huo limo tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mkoa wetu wa Kagera. Ni jambo la furaha. Lakini fedha hiyo ni mkopo, na watakaoulipa ni watoto wetu.

Sasa tugeukie kazi ya pili, utafiti, ambayo njia ya ada na njia ya mikopo zimeiacha nyuma. Nani amelipia utafiti katika nchi zetu? Kwa sehemu kubwa ni wageni. Mwaka 1936 shirika la Rockefeller la Marekani lilifungua huko Entebbe kituo cha kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1947 wataalamu wa kituo hicho walipata katika damu ya nyani aliyewekwa msitu wa Zika kirusi kisichojulikana bado, wakakiita kwa jina la msitu ule. Karibu miaka 70 baadaye kirusi hicho kilipoitisha Brazil na dunia yote, elimu ya kwanza juu yake ilikuwa ile ya Entebbe. Tangu miaka ya 1970, Uswidi nayo ilisaidia utafiti katika Tanzania kwa miaka mingi, ikiwasomesha wataalamu wa Dar es Salaam mpaka shahada za juu kabisa. Hatuwezi kulipa wema huo kwa maneno mabaya.

Walakini mgeni alipapo, mgeni ndiye aulizaye swali. Tena mgeni akiondoka, kazi husimama. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya utafiti wa afya katika Afrika ya Mashariki ikakwama, wengine wakapoteza kazi bila taarifa ya kutosha. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nchi za Afrika zimeahidiana tangu zamani kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Tanzania iliunda Tume ya Sayansi na Teknolojia mwaka 1986 ili kuisimamia kazi hiyo; lakini ahadi imekuwa rahisi kuliko kuitimiza. Uganda ilionyesha mfano mwema mwaka 2019 ilipoanza kutoa kwa Makerere shilingi za Uganda bilioni 30 kwa mwaka, fedha yake yenyewe, ili wataalamu wachunguze mambo yaliyochaguliwa nyumbani.

Msomaji asidhani ya kuwa haya hayamhusu mtu wa shamba. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukawa umefika Kagera. Nyumba zilizokula ndizi kila siku ziliona mashamba yakigeuka manjano na kuoza. Shauri tulilofundishwa, la kuvunja ua la dume la mgomba kwa kijiti chenye panda, na kuvipitisha visu motoni, halikuanguka kutoka mawinguni. Walikuwako watu waliolipwa, kwa fedha za serikali na za wafadhili, ili wachunguze jinsi wadudu waubebavyo ugonjwa kutoka ua hata ua. Gharama yao ilikuwa kubwa. Lakini gharama ya kutokujua ilikuwa kubwa zaidi.

Kahawa yatufundisha somo la kufaa kuliko yote. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, Kilimanjaro, kilianzishwa na serikali mwaka 1934. Baada ya miaka mingi serikali ilipodhoofika, kituo nacho kilidhoofika. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikageuzwa kuwa taasisi ya wadau wa kahawa wenyewe, na ikakubaliwa kwamba sehemu ndogo ya thamani ya kahawa iuzwayo ikatwe kwa ajili ya utafiti. Tawi lake liko Maruku, karibu na Bukoba, nalo limetoa miche ya robusta inayostahimili mnyauko ulioiangamiza mibuni ya mkoa huu tangu mwisho wa miaka ya 1990. Basi mkulima auzaye kahawa yake amekwisha kulipia utafiti. Hana sababu ya kuomba mche bora kama mwenye kuomba sadaka, aweza kuuliza kama mwenye shamba amwulizavyo mfanyakazi wake: "Mwaka huu mmepata nini?"

Nayo nchi yetu ya Kabanga ina mfano wake. Nikeli iliyo chini ya vilima vyetu ilitafutwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Babu zetu walichunga juu yake bila kujua. Aliyejua kwanza ni aliyelipia kujua. Baadaye makampuni mbalimbali ya nje yalikuja moja baada ya jingine, na mwezi Januari 2021 serikali ilipatana na wawekezaji kwamba taifa liwe na hisa za asilimia 16. Twasema hivi si kwa uchungu, ila kwa mafundisho: taifa lisilolipia elimu ya ardhi yake litaambiwa na wengine ardhi yake ina nini, na ina thamani gani.

Tumalize kwa mashauri machache, kwa maana habari isiyo na kazi ndani yake ni kama mvua inyeshayo ziwani.

La kwanza ni la wazazi. Mkopo wa Bodi hutolewa kwa karatasi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, na yatima asiye na vyeti vya vifo vya wazazi wake, huweza kukosa alichostahili kwa sababu ya karatasi moja. Vyeti hivyo huhakikiwa, na uhakiki huchukua siku. Msingoje matokeo ya kidato cha sita. Cheti kitafutwe mtoto akiwa bado mgongoni.

La pili ni la waliokopeshwa. Wako wenzetu waliosoma kwa mkopo, nao wana biashara na magari, lakini hujificha kwa kuwa hawajaajiriwa ofisini. Dawa ya deni ni kulipa. Shilingi isiyorudi haimwibii waziri. Yamnyima kitanda msichana wa Rulenge au wa Biharamulo ambaye jina lake litaandikwa mwakani.

La tatu ni letu sote. Ushirika wa zamani ulionyesha njia, nasi twaweza kuifuata. Kila kata yenye kahawa, soko la mpakani, na madini yanayotarajiwa, yaweza kuwa na mfuko wake wa elimu, wenye daftari lililo wazi na mkutano wa kila mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mfuko wa namna hiyo hautalipa ada zote. Waweza kulipa nauli ya kwanza, godoro, na chakula cha majuma yale ambayo mkopo haujafika, ambamo vijana wengi hukata tamaa wakarudi. Hata hicho ni chakula cha msafiri.

Tena fedha hiyo itakuwa na jambo ambalo fedha ya benki haina. Mtoto ataondoka akijua ni nani waliomchangia, kwa majina yao na kwa debe zao za kahawa. Naye akirudi likizo na kupita sokoni, mzee mmoja atamsimamisha amwulize wamemfundisha nini. Kijana hana budi kujibu.